Plastiki haipitishi umeme? Nani kasema!

Kimya kingi kina mshindo, na leo nina la moyoni. Nataka kugombana na walimu watarajiwa wenzangu, na wa kwanza kugombana naye ni mie mwenyewe.

Tulipokuwa field nilitoa jaribio kidato cha pili. Swali la 4: plastiki inapitisha umeme au haipitishi? Dogo mmoja akaandika, "Nyingi hazipitishi, ila zipo zinazopitisha." Nikampiga kosa kwa wino mwekundu, pembeni nikaandika "soma notisi". Dogo huyo alikuwa ananyoosha mkono kila kipindi. Tangu siku ile hakunyoosha tena mpaka naondoka.

Sasa jamani, nani alikuwa sahihi? Dogo! Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger waliupitishia mvuke wa ayodini utando wa poliasetilini, ambayo ni plastiki, na uwezo wake wa kupitisha umeme ukapanda mara milioni 10 hivi. Mwaka 2000 wakapewa Nobel ya Kemia.

Wala siyo uchawi. Kwenye ndoo ya plastiki, kaboni zimeshikana kwa bondi moja moja, elektroni zimebanwa. Kwenye poliasetilini, bondi moja na bondi maradufu zinapokezana mnyororo mzima. Ayodini ikinyakua elektroni chache, zinazobaki zinapata nafasi ya kutembea. Bondi hizo si ndo tunazowakaririsha watoto majina tu?

Kuna atakayesema hayo ni mambo ya maabara za wenzetu. Haya, mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak walipanga tabaka mbili za kemikali za kaboni, nyembamba kuliko elfu moja ya milimita, zikatoa mwanga wa kijani kwa umeme usiofika volti 10. Ndiko zilikotoka OLED. Usiku zima taa chumbani, fungua picha nyeusi tii ijaze kioo cha simu. Kioo kikizima kabisa, hiyo ni OLED, kila nukta inajiwakia yenyewe. Kikibaki na mwanga hafifu, kuna taa nyuma yake. Hilo nalo ni somo, na halihitaji maabara!

Kuna na polianilini. Ikikutana na amonia, upitishaji wake wa umeme unashuka, kwa hiyo inaweza kutumika kama kihisio cha gesi hiyo. Kweli, vitu hivi vina udhaifu: OLED ikiingiwa na hewa au unyevu inakufa, lazima izibwe barabara. Lakini udhaifu siyo sababu ya kuficha kwamba vipo.

Utetezi naujua: "Mtihani unataka jibu moja." Huo ni uvivu tunaouvalisha joho. Kusema "plastiki nyingi" badala ya "plastiki" hakumnyimi mwanafunzi alama hata moja. Kinachomnyima ni mwalimu anayesahihisha kwa notisi alizonakili kwa mwalimu wake, naye alizonakili kwa wake.

Alama ya yule dogo siwezi kuirudisha, daftari analo yeye. Ila wewe unayejiandaa kwenda field, ukikuta jibu lisilo kwenye notisi zako, weka kalamu chini kwanza. Muulize, "Umelipata wapi?"

Naomba kuwasilisha. Wabishi karibuni.