Njia ya Marekebisho Isikatwe

Watumishi na walimu wengi sasa hupeleka taarifa za kazi kwa simu. Programu ikiwa na kasoro, ni haki marekebisho yake yafike Kasekese, mkoani Katavi, kama yanavyofika Dodoma. Haki hiyo iko hatarini kila mafundi wanapohamisha programu kutoka kiunzi cha zamani kwenda kipya.

Programu nyingi za simu zimejengwa juu ya kiunzi kiitwacho React Native, kilichotolewa na Facebook mwaka 2015. Huwa na ganda, na ndani yake kiini chenye maelekezo ya kazi. Chombo cha Microsoft kiitwacho CodePush kiliwawezesha mafundi kubadili kiini peke yake: programu ikifunguliwa huuliza seva, na kiini kipya kikiwapo hukichukua. Kwa mwalimu anayenunua bando kwa fedha yake, nafuu hiyo si ndogo.

Mwaka 2024 toleo la 0.76 la kiunzi hicho lilikuja na muundo mpya. Tarehe 31 Machi 2025 Microsoft ikaifunga huduma ya App Center iliyobeba CodePush. Mafundi wakalazimika kuhama nyumba na barabara kwa wakati mmoja, na simu zilizobaki na ganda la zamani zikawa zinabisha hodi kwenye mlango uliofungwa.

Lakini hatari kubwa zaidi ni ile isiyopiga kelele. Katika kuhama, mstari mmoja tu unaolionyesha ganda mahali pa kusoma kiini kipya huweza kusahauliwa. Programu haigomi. Hufunguka vizuri, ikisoma kiini kilekile ilichokuja nacho. Fundi haoni kosa, maana simu yake iliwekewa toleo zima jana. Mwalimu wa Kasekese ndiye atakayejaza fomu yenye kasoro iliyokwisha kurekebishwa, kisha aulizwe kwa nini takwimu zake hazilingani.

Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ina uwezo wa kudai jaribio lililo rahisi. Kabla kazi haijapokewa, ichukuliwe simu ya bei nafuu yenye toleo la zamani, mahali penye mtandao dhaifu. Ihamishiwe toleo jipya, kisha yatumwe marekebisho madogo yanayoonekana kwa macho. Yasipofika, mkandarasi asilipwe. Yakifika, yarudishwe nyuma vilevile, kwani marekebisho nayo hukosewa.

Jaribio hilo lifanyike Kasekese, si kwenye meza ya fundi mjini.