Usaili haukaririwi jamani!

Wenzangu kadhaa niliosoma nao chuo wameitwa kwenye usaili wa kazi ya mchambuzi wa biashara. Wote wananiuliza kitu kimoja: "Una yale maswali na majibu yake?" Wanayasaka mtandaoni, wanayachapa, wanayameza kama tulivyomeza pasti pepa.

Hivi ndugu zangu, tutakariri mpaka lini? Mkiwa watu hamsini mmemeza ukurasa uleule, msaili atawatofautisha kwa rangi za tai?

Tuangalie kazi yenyewe. Mchambuzi wa biashara anakaa katikati. Upande huu kuna meneja anayelalamika, keshia anayehangaika na mteja aliyechoka foleni. Upande ule kuna mafundi wa kompyuta wanaosubiri kuambiwa watengeneze nini. Yeye ndiye wa kujua tatizo hasa ni lipi, kabla hela za watu hazijateketea.

Mfano tunao mfukoni. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa wakopaji wadogo walipe marejesho ya mikopo yao kwa simu. Wao wakaanza kuitumia kutumiana hela. Ingekuwa rahisi kusema watu hawa hawajaelewa. Lakini wenye mradi waliangalia watu wanafanya nini, wakabadili mpango, na mwaka 2007 Safaricom ikaizindua kama huduma ya kutuma hela nyumbani. Mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Hakuna aliyekariri jibu lile.

Sasa ujiandae vipi? Nenda kwenye dirisha la malipo la hospitali yoyote, ukae saa nzima. Mgonjwa anaanzia wapi? Anapewa karatasi gani? Nani anaisaini? Chora hatua zote, halafu uliza kila hatua ipo kwa sababu gani. Usikimbilie kusema "wanahitaji mfumo mpya wa kompyuta". Huenda wanahitaji kufuta sahihi moja tu! Msaili akisema "tupe mfano", utakuwa na wa kwako.

Na ukiulizwa, "Mauzo yameshuka, utafanya nini?", usirukie jibu. Uliza kwanza: yameshuka tangu lini? Tawi lipi? Bidhaa ipi? Shule zetu zilituzoesha kwamba anayeuliza hajasoma. Kwenye kazi hii, asiyeuliza ndiye hajajiandaa. Wahenga walishasema kuuliza si ujinga.

Sisemi msisome. Istilahi zipo, na mwongozo wa BABOK unaotolewa na IIBA, taasisi ya kimataifa ya wachambuzi wa biashara, upitieni. Ila istilahi ni kama kalamu kwa sisi waandishi wa habari: bila kwenda kuongea na watu, haiandiki kitu.

Ajira zenyewe ni chache, na nauli ya kwenda kwenye usaili wengine wanakopa. Kwa nini uikope ukatoe jibu la mtu mwingine?

Mnaonaje wadau? Waliowahi kukaa upande wa wasaili watuambie.