Kiatu cha mwenye kisukari kisinunuliwe kwa kubofya

Hapa Woodbury, mashariki ya mji wa Saint Paul, ni nadra siku kupita bila gari la vifurushi kuonekana mtaani. La kwanza huja asubuhi, la pili mchana, na wakati wa chakula cha jioni bado kuna mtu anabisha hodi. Tunaagiza sabuni, chaja, unga wa sembe na viatu. Hatulaumu mtu, maana baridi ya Januari si ya kuzurura madukani. Lakini kuna kitu kimoja tunaomba kisinunuliwe hivyo, nacho ni kiatu cha mwenye kisukari.

Haya tumeyashuhudia wenyewe. Mzee mmoja wa jumuiya yetu aliagiza jozi tatu za saizi tofauti kwa njia ya intaneti, akikusudia kurudisha mbili. Akabaki na ile aliyoona haimbani. Kumbe ilikuwa inambana sana, ila hakusikia. Siku ya pili soksi ikatoka na damu. Badala ya kwenda kliniki, akaagiza mafuta ya kuponya vidonda, yakafika kesho yake. Alipaka wiki tatu. Alipofikishwa hospitali kidonda kilikuwa kimegusa mfupa, na kidole gumba kikakatwa.

Mzee hakuwa mzembe. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, mguu ukaingia ganzi. Vilevile huziba mishipa ya damu, kidonda kikakosa chakula chake. Mtu anakanyaga msumari asijue. Nyumbani wapo waliounguzwa na maji ya moto bila kushtuka. Mwaka 2005 Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni. Panya hula nyama ya mtu naye amelala usingizi!

Kidonda cha namna hii hakitibiwi kwa mafuta ya kopo. Daktari hupima ganzi kwa uzi mwembamba wa nailoni na kupapasa mapigo ya damu mguuni. Nyama iliyokufa huondolewa, usaha ukiwepo hutolewa dawa za kuua vijidudu, na sukari hushushwa. Zaidi ya yote, mguu huondolewa uzito kwa hogo au kiatu maalumu, kwa sababu kidonda cha unyayo kinachokanyagwa kila siku hakiponi hata kwa dawa ya gharama gani. Mambo haya hayahitaji mitambo ya ajabu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania na India zilianzisha mradi wa Hatua kwa Hatua, uliofundisha madaktari na wauguzi kuangalia miguu mapema. Iliyowezekana Tanzania haiwezi kutushinda Minnesota.

Sasa turudi kwenye zile jozi mbili zilizorudishwa, maana nazo zina hesabu yake. Kuagiza kwa intaneti peke yake si dhambi. Gari dogo la kawaida hapa Marekani hutoa takriban gramu 400 za hewa ya ukaa kwa kila maili, kwa hiyo safari ya maili 10 kwenda na kurudi dukani ni kilo 4 hivi. Gari moja la vifurushi likihudumia nyumba nyingi kwa mzunguko mmoja, linaweza kuchafua hewa kidogo kuliko sisi sote kuwasha magari yetu. Lakini tukidai mzigo ufike kesho, gari huondoka nusu tupu au mzigo hupandishwa ndege. Tukirudisha, safari inakuwa mbili na faida yote imekwisha.

Tangu Julai 1, 2024 jimbo la Minnesota linatoza senti 50 kwa mizigo mingi ya rejareja ya kuanzia dola 100 inayoletwa mlangoni. Fedha hizo ni za barabara, si za hewa, na dawa na vifaa vya tiba vimesamehewa. Hata hivyo ada hiyo inatukumbusha kwamba kuletewa mlangoni si bure.

Ushauri wetu ni huu. Sabuni na chaja zikusanywe, ziagizwe mara moja kwa wiki. Kiatu cha mwenye kisukari kipimwe mguuni na mtaalamu, jioni mguu ukiwa umevimba kidogo. Wazee wenye bima ya Medicare waulize: wanaostahili hulipiwa sehemu kubwa ya gharama ya jozi moja ya viatu maalumu kila mwaka, daktari akithibitisha. Sisi tunaovua viatu mlangoni kwa desturi, tuwawekee wazee wetu kandambili laini za ndani wasitembee peku. Na kila usiku mtoto au mjukuu aangalie nyayo za mzee kwa tochi ya simu, na kati ya vidole pia. Akiona lengelenge, jeraha au wekundu, kesho yake iwe kliniki.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzigo wa dukani unaweza kungoja hadi Alhamisi, lakini kidonda cha mguu hakingoji. Leo ukimpigia simu mzazi wako, awe Mwanza, Mombasa au hapa hapa Woodbury, baada ya salamu muulize hali ya miguu yake.