Nyumba ya Laki Tisa

Khocha, kakake mamangu, ameshaamua. "Laki tisa, robo ekari, nyumba iko tayari. Mnangoja nini?" Mayi anauza vitunguu sokoni Chwele. Ana laki tano, akiba ya miaka kumi na mmoja. Hizo nne zingine, khocha anasema, akope SACCO.

Haya, tuhesabu. Laki nne kwa riba ya 1% kwa mwezi, deni likipungua, kwa miaka 4: kama 10,500 kila mwezi. Hata mwezi ule vitunguu vinaozea guniani. Khocha yeye huchukua mwezi mzuri akauzidisha mara 12.

Na hiyo "iko tayari"? Nilienda makusudi siku ya mvua. Nikakuta ndoo tatu sebuleni. Ukuta ni udongo uliopakwa simiti, na ndani mchwa wamemaliza fito. Choo kimejaa. Fundi anataka laki moja unusu kwa paa pekee. Ukinunua nyumba kuukuu ukabaki bila hata shilingi ya mabati, hujaimudu. Umehamia ndani ya deni, basi.

Lakini hayo yanarekebishika. Kinachoniudhi ni hatimiliki. Bado ina jina la marehemu, na anayeuza ni mmoja wa wanawe. Sheria ya Urithi inakataza kuuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha mgao. Nikamuuliza muuzaji, dada zako wamekubali? Akacheka. "Hao si waliolewa?"

Hapo ndipo nilipomwelewa khocha vizuri. Babu alikufa 1994 bila wosia. Sheria hiyo, inayotumika tangu 1981, inawapa watoto wote mafungu sawa, binti kwa mvulana. Ndugu watatu wakagawana shamba, mayi akaambiwa ataolewa. Aliolewa, ndoa ikavunjika, akarudi na mabegi mawili na mimi mgongoni. Tangu hapo ni nyumba za kupanga. Leo yule yule aliyekalia fungu lake anamshauri akope, anunue ardhi ambayo mabinti wengine wamenyimwa. Siku moja hao dada watakuja na karatasi za korti, na watakuwa na haki. Tutawaambia nini?

Nilimwambia mayi haya yote. Akanyamaza akichambua vitunguu, kisha akauliza: "Sasa mimi nitazikwa wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu, na sitajifanya ninalo. Kwetu mtu huzikwa kwake, na mwanamke asiye na kwake hulijua swali hilo kila usiku. Ndiyo maana nyumba mbovu humvutia. Msimwambie hajui hesabu.

Ila mimi nakataa hesabu ianzie kwenye mfuko wake. Khocha, kabla hujatutuma SACCO, njoo tukae chini ya ule mwembe wa babu. Tuanze na robo ekari yako.