Masikio Yapimwe kwa Kiswahili

Mfanyakazi aliyekaa miaka mingi kando ya mashine za kusokota nyuzi au za kupasua mbao hayapotezi masikio yake kwa siku moja. Huanza kwa kupotewa na milio myembamba, hasa ile ya mitetemo 4,000 kwa sekunde na inayoikaribia. Huwasikia wenzake wakisema, lakini hapambanui wasemalo. Akiambiwa "shika" hudhani ameambiwa "fika", kwani irabu humfikia zote na konsonanti ndizo zinazopotea njiani. Nyumbani huitwa mkaidi, kazini huitwa mzembe. Na madhara hayo ya kelele yakishaingia hayana dawa ya kuyaondoa.

Twayasema haya kwa sababu ya vijana wanaojifunza kazi ya kupima usikivu, ambao ndio watakaompokea mfanyakazi huyo. Ni wachache mno. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilieleza kwamba watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa ajili ya upungufu wa kusikia, na kwamba asilimia 93 ya nchi za kipato cha chini hazina hata mtaalamu mmoja wa upimaji huo kwa kila watu milioni moja. Basi kila kijana anayeingia katika kazi hii yafaa apewe zana zilizo kamili.

Sehemu ya kwanza ya masomo yake haina taabu kubwa. Hujifunza kutumia uma wa sauti, kisha odiomita: mgonjwa akiusikia mlio hushushwa desibeli 10, asipousikia hupandishwa 5, mpaka kikomo chake kijulikane. Mlio hauna kabila wala lugha. Vitabu vya mambo hayo vipo, na vingine ni vya bure: Shirika hilohilo lilitoa kitabu cha mafunzo mwaka 2023, na Chuo Kikuu cha Cape Town kina chake kilichoandikiwa madaktari wa masikio, pua na koo.

Taabu yaanzia kwenye upimaji wa maneno. Hapo mgonjwa husomewa maneno ayarudie, na hesabu ya aliyoyapata humsaidia mpimaji kujua kifaa cha kusikia kitamfaa kwa kiasi gani. Orodha zinazofundishwa katika vitabu vikubwa ni za Kiingereza. Moja yao, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1952, ina neno la mchezo wa besiboli na la mchunga ng'ombe apandaye farasi. Twauliza: mama wa Kilosa akishindwa kulirudia neno hilo, kosa ni la sikio lake, au ni kwa kuwa hajapata kulisikia tangu azaliwe? Mwanafunzi hana njia ya kujua, na karatasi atakayoiandika itasema uongo bila yeye kukusudia.

Wala kutafsiri hakutoshi. Maneno mengi ya kupimia ya Kiingereza ni ya silabi moja, hali maneno yetu karibu yote yana silabi mbili au zaidi. Orodha ya Kiswahili haina budi iundwe upya: maneno yawe yanajulikana Mtwara kama Mwanza, sauti zake zifuate kadiri zinavyotokea katika usemi wa kila siku, zirekodiwe vizuri, kisha zijaribiwe kwanza kwa wenye masikio mazima. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa lugha na mtaalamu wa sikio kukaa meza moja. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi yake ya Taaluma za Kiswahili. Watu hawakosekani.

Wako wasemao kwamba Kiingereza ndicho lugha ya sayansi, na mwanafunzi akisome. Na akisome, hatumkatazi. Lakini mgonjwa hakuja kusoma.

Vyama vya wafanyakazi navyo vina haki ya kulidai jambo hili, maana fidia ya mtu aliyeharibiwa masikio na kelele za kazini hufuata vipimo. Orodha zikikamilika zichapwe pamoja na sauti zake, zigawiwe bure kwa kila chuo kinachofundisha kazi hii, na nakala iwekwe katika kila hospitali ya mkoa yenye odiomita.