Mtumishi wa Jikoni Kwetu Naye ni Mfanya Kazi



Nataka kusema jambo ambalo halinipendezi mimi mwenyewe, na nadhani halitawapendeza wengi wenu. Tangu nijiunge na chama nimezoea kuandika habari za waajiri. Leo naandika habari zetu sisi, kwa sababu sisi nasi ni waajiri, ila hatupendi kuitwa hivyo.

Likizo iliyopita binti yangu alirudi nyumbani na mchezo wa Kiingereza wa televisheni uitwao Downton Abbey. Ni mchezo mrefu. Ulionyeshwa Uingereza tangu mwaka 2010 hata 2015, na hadithi yake yaanza mwaka 1912. Ni habari za jumba la bwana mkubwa, Lord Grantham, mkewe, binti zao watatu, na watumishi. Mabwana wako juu, watumishi wako chini: Carson, mkubwa wa watumishi, Mrs. Hughes, mtunza nyumba, Mrs. Patmore, mpishi; na Daisy, msichana wa jikoni, ambaye huamka kabla ya wote ili awashe moto. Kengele zimepangwa ukutani, kila chumba cha juu na kengele yake, na ikilia mtu huacha chai yake mezani akakimbia.

Mimi ni mpishi katika chuo kimoja hapa Maseno, kwa hiyo nililitazama lile jiko kuliko nguo za mabibi. Nawaambieni jiko limeonyeshwa vizuri. Joto, haraka, sahani zinazorudi, na maneno makali ya Mrs. Patmore wakati chakula kinachelewa. Yule mama macho yake yalianza kuharibika akaficha, maana mpishi asiyeona hana kazi. Hapo sikuhitaji mtu wa kunifasiria.

Lakini sehemu iliyonishika ni ile ya msichana Gwen. Gwen alikuwa mtumishi wa vyumbani, akitandika vitanda na kufagia. Alitaka kuwa karani. Kwa akiba yake akanunua mashine ya kupiga taipu, akaificha chumbani mwake, akawa akijifunza kwa barua usiku baada ya kazi. Ile mashine ikagunduliwa, ikawekwa mbele ya watumishi wote, naye akahojiwa kama aliyeiba. Ilikuwa mali yake halali! Kosa lake lilikuwa kutaka kazi nyingine. Binti mdogo wa Lord Grantham, Lady Sybil, ndiye aliyemsaidia, na mwaka 1914 Gwen akapata kazi ya ukarani katika kampuni ya simu.

Miaka ikapita. Katika sehemu ya mwisho ya mchezo, iliyoonyeshwa mwaka 2015, hadithi imefika mwaka 1925. Gwen anarudi katika jumba lile kama mgeni. Ameolewa, amevaa vizuri, ameketi mezani na mabwana kula chakula cha mchana. Na wale watu ambao vitanda vyao alivitandika hawamtambui. Yule mtumishi Thomas Barrow, kwa wivu, ndiye anayemtoboa mbele ya wote kwamba aliwahi kufanya kazi humo. Mezani pakawa kimya.

Binti yangu alikuwa akilia. Mke wangu alisema, “Hawa Wazungu hawana haya.” Nami nikageuza kichwa ili niombe chai, nikamwona dada wetu wa kazi amesimama katika mlango wa jikoni, kitambaa cha vyombo mkononi. Amesimama hapo tangu mchezo uanze, karibu saa nzima. Viti viwili vilikuwa vitupu. Hakuna aliyemwambia, “Keti.” Hata mimi sikumwambia. Nilimwambia alete chai.

Usingizi haukuja upesi usiku ule. Nilikuwa nikikumbuka habari aliyoieleza Tom Mboya, ndugu yetu wa Rusinga, katika kitabu chake cha mwaka 1963. Alipokuwa mkaguzi wa afya Nairobi, siku moja alikuwa peke yake ofisini. Mama mmoja wa Kizungu akaingia, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu mle ndani. Wanachama tumesimuliana kisa hicho mara nyingi na kumcheka yule mama. Sasa nikajiona mimi nami nimekuwa na macho kama yake.

Ngoja niseme hesabu, maana katika chama twasema kwa hesabu. Dada yule nilikuwa nikimlipa shilingi 4,500 kwa mwezi. Aliamka saa kumi na moja asubuhi kuwatayarisha watoto kwenda shule, akalala baada ya sahani ya mwisho kuoshwa, saa nne za usiku au zaidi tukiwa na wageni. Jumapili alikwenda kanisani saa mbili, akarudi kupika. Likizo yake ilikuwa Krismasi, siku nne, na tukampa nauli tukajiona wema sana.

Sasa sikilizeni sheria. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 haikumtenga mtumishi wa nyumbani. Kazi ya miezi mitatu au zaidi yataka mapatano ya maandishi. Kila siku saba pawe na siku moja ya kupumzika. Kila miezi kumi na miwili pawe na likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa malipo. Mama akijifungua ana miezi mitatu, kwa malipo. Na katika tangazo la kima cha chini la Novemba 2024, mtumishi wa nyumbani na yaya wametajwa waziwazi pamoja na mfagiaji na mlinzi wa mchana: katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, shilingi 16,113 na senti 75, na huko mashambani, nje ya miji iliyotajwa, zaidi kidogo ya shilingi 8,590. (Kwa nini sufuria ya Kisumu ioshwe kwa bei karibu mara mbili ya sufuria ya kijijini, hilo nalo laweza kuandikiwa makala yake.) Hata nikichukua kile kiwango cha chini kabisa, nilikuwa nikimlipa nusu.

Najua mtakayosema. “Yeye anakula kwetu, analala kwetu.” Kweli, lakini mshahara hulipwa kwa fedha. Ugali na omena haviwezi kumlipia mdogo wake karo. Na hata pale jumbani Daisy alikuwa akila na kulala humo humo; jambo hilo halikumfanya awe binti wa Lord Grantham. Mtasema pia, “Sisi twamwita dada, ni kama mtoto wetu.” Hili ndilo baya kuliko yote. Tukimwita dada twajidai kuwa ni wa jamaa, na jamaa hadai nyongeza. Mimi sijapata kusikia dada wa kuzaliwa akikatwa mshahara kwa sababu ya kuvunja kikombe.

Hapa Maseno hatuna udhuru wa kusahau, maana ardhi hii imejengwa kwa mishahara ya watumishi. Wazee wetu walikwenda Kisumu na Nairobi kufanya kazi ya uboi na upishi, na fedha zile ndizo zilizoleta watoto katika shule. Mfano mmoja wajulikana ulimwengu mzima. Hussein Onyango Obama wa Kogelo alikuwa mpishi na boi wa Wazungu. Katika Vita Kuu ya pili alikwenda na jeshi la Kiingereza kama mpishi hadi Burma. Mwanawe Barack alisoma hapa hapa katika Shule ya Maseno, ile iliyoanzishwa na wamisionari wa C.M.S. mwaka 1906. Na mjukuu wake, kama mjuavyo, alikuwa Rais wa Marekani tangu 2009 hata 2017, akaishi katika nyumba ambayo watumishi wa watu wengine walimpikia yeye.

Huyo mjukuu aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1995 jinsi alivyoonyeshwa huko Kogelo kijitabu kidogo cha babu yake. Kilitolewa kwa amri ya sheria ya kuandikisha watumishi wa nyumbani ya mwaka 1928. Ndani yake mlikuwa na jina, kabila, urefu, alama za mwili, na nafasi ya kila mwajiri kuandika tabia ya mtumishi. Mmoja alizisifu keki zake. Mwingine aliandika kwamba hafai, na kwamba shilingi 60 kwa mwezi ni nyingi mno kwake. Fikirini jambo hili. Kipande walikuwa nacho wanaume wote Waafrika tangu mwaka 1920, lakini mtumishi wa nyumbani alichukua na kijitabu cha kuonyesha ulimi wa bibi wake. Neno moja la hasira, naye amekosa kazi mji mzima.

Sheria ya leo yasema mwajiri atoe cheti cha kazi mtu anapoondoka: jina, tarehe, kazi aliyoifanya na mahali. Halazimishwi kuandika sifa wala lawama. Hayo ni mabadiliko makubwa, na watu waliyatolea jasho. Nani kati yetu amewahi kumwandikia dada wa kazi cheti hicho? Sisi tunapiga simu kwa rafiki na kusema, “Usimchukue yule, ana mdomo.” Kijitabu kimerudi, ila sasa kimo katika simu.

Jambo moja lilinikosesha raha katika ule mchezo. Kwa saa zote nilizotazama, wema wote watoka juu. Lord Grantham anampeleka Mrs. Patmore London akatibiwe macho. Lady Sybil anamtafutia Gwen kazi. Sikumwona mtumishi hata mmoja akiwaita wenzake ili wakae wazungumze habari ya saa za kazi. Lakini mambo hayo yalikuwako! Kabla ya vita vya 1914 watumishi wa nyumbani wa Uingereza walikwisha anza chama chao, na huko Glasgow msichana mtumishi, Jessie Stephen, alikuwa akiwakusanya wenzake. Walidai saa za kupumzika na mahali pazuri pa kulala. Waandishi wa michezo wapenda bwana mwema kuliko mtumishi mwenye chama, kwa kuwa bwana mwema hupendeza machoni.

Na sisi je? Litazameni jina la KUDHEIHA. Watumishi wa nyumbani wametajwa kwanza, ndipo mahoteli, vyuo, hospitali na wengineo. Mwezi Juni 2011 huko Geneva mkutano wa kazi wa ulimwengu ulipitisha mkataba namba 189, kwamba mfanya kazi wa nyumbani ana haki kama mfanya kazi mwingine. Lakini katika mikutano yetu hapa, nikitazama viti, naona wapishi, wafagiaji wa mabweni, wahudumu wa wodi. Wasichana wa kazi siwaoni. Wako nyumbani kwetu wakilinda watoto ili sisi tupate kuhudhuria mkutano. Hata siku tunapogoma, wao hawagomi. Wakigoma wao, mgomo wetu hauwezi kuanza, maana nani atashika mtoto?

Kwa Kijaluo neno ni moja tu, jatich. Ndiye mfanya kazi, ndiye mtumishi. Kiswahili kimetupa maneno mawili nasi tumekimbilia hayo mawili, tukachukua moja letu na kumpa yeye la pili.

Sitaki kusema uongo kwamba jambo hili ni rahisi. Mhudumu wa wodi anayepata mshahara mdogo hawezi kutoa shilingi 8,590 akabaki na kitu, na bila msichana hawezi kwenda kazini. Ndiyo shida yenyewe: mshahara wetu ni mdogo, nasi tunaupitisha udogo ule chini kwa mtu aliye dhaifu kuliko sisi. Mimi naona afadhali mtu amwajiri kwa nusu siku na kumlipa nusu kwa haki, au majirani wawili wamwajiri mmoja kwa zamu zilizoandikwa, kuliko kumchukua siku nzima na usiku kwa bei ya nusu. Na tunapokwenda kudai nyongeza, hesabu ya kulea watoto iwekwe mezani pamoja na hesabu ya nauli na kodi ya nyumba. Mwajiri wetu naye anafaidika na kazi ya yule dada, ingawa hamjui.

Sisi nyumbani tuliketi, mke wangu, mimi na yeye, mezani. Mwanzoni alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kufukuzwa. Nikamsomea sheria. Mke wangu hakufurahi siku ile, na siwezi kumlaumu, kwa kuwa fedha zimetoka katika fungu lake la sokoni Luanda. Tukaandika karatasi: mshahara wa kiwango, saa za kuanza na kumaliza, Jumapili nzima, siku za likizo. Tukamwuliza kama ana neno. Alifikiri kitambo, akasema, “Baba, wageni wakija, niambiwe jana yake.” Tukaliandika na hilo.

Jumapili tatu sasa tumepika wenyewe. Watoto wameanza kujua sufuria zinawekwa wapi. Nilimletea pia fomu ya chama. Ameikunja akaiweka katika Biblia yake, hajairudisha, nami sitamwuliza, kwa sababu mimi ndiye mwajiri. Nimemwomba mjumbe wetu mama wa tawi azungumze naye siku ambayo sipo nyumbani.