Msaragambo hautumwi kwa simu

Februari inapokaribia kwisha, huku kwetu milimani Upare ya Kusini, wilaya ya Same, mazungumzo yote huishia kwenye masika. Ukimwamkia mzee njiani, kabla hajamaliza kuitikia marahaba ameshageuza uso upande wa Shengena, mlima wetu mrefu kuliko yote, kuangalia kama wingu limeanza kukaa. Wanawake wanachambua maharage ya mbegu barazani. Tangawizi iliyotunzwa kivulini inatoa macho. Mwenye paa linalovuja anatafuta misumari, mwenye jembe lililolegea anachonga mpini. Watoto wao wanasubiri kumbikumbi, maana mvua ya kwanza ikishanyesha, jioni yake kila nyumba ina beseni la maji chini ya taa.

Hakuna wakati ninaoupenda kijijini kama huu, na ndio wakati wa msaragambo. Kwa msomaji asiyetoka kwetu, msaragambo ni kazi ya kijiji kizima. Pembe inapulizwa alfajiri, kila kaya inatoa mtu na chombo chake, iwe jembe, chepeo, panga au karai, na watu wanapanda kwenye mfereji na kwenye ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo lililochimbwa na mababu upande wa juu wa mashamba. Jioni tundu lake la chini linazibwa, maji ya mfereji yanajaa usiku kucha, na asubuhi tundu linafunguliwa ili mwenye zamu amwagilie. Mfereji wenyewe ni mwembamba. Bila kukusanya maji ya usiku usingefika hata katikati ya shamba. Kabla ya masika lazima tope lizolewe, kingo zishindiliwe, na mizizi iliyoingia mferejini ikatwe. Tope lile halitupwi. Linabebwa kwa karai hadi kwenye migomba, na migomba inalijua.

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya ndiva yetu. Fedha zote zinazotumwa kwa ajili ya kazi hii zinapita mikononi mwangu, na daftari ninalo. Kwa hiyo ninajua ninachosema: fedha zinaongezeka kila mwaka na watu wanapungua. Faini ya asiyefika ni shilingi 5,000. Iliwekwa imuumize mtu kidogo, ili mwakani aje. Sasa imegeuka kuwa bei. Mwenye duka anatuma asubuhi kabla pembe haijalia. Mwenye bodaboda anatuma akiwa stendi. Walioko Dar es Salaam wanatuma kwa niaba ya wazazi wao, na wanatuma kwa upendo, sina shaka. Kamati inachukua fedha hizo inakodi vijana kutoka bondeni, kazi inafanyika kwa siku moja, na watu wanasema mambo yamerahisishwa.

Masika yaliyopita tuliona urahisi wake. Vijana wale walisafisha vizuri sana sehemu inayoonekana kutoka barabarani. Banio kule juu mtoni, pamoja na kipande kinachopita chini ya mizizi ya mkuyu, havikuguswa, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha, na wao hawana shamba linalotegemea maji yale. Mvua kubwa ya kwanza iliposhuka, maji yalikosa njia, yakapanda juu ya ukingo, yakaingia shamba la mama mmoja mjane lililokuwa limepandwa siku chache tu. Mahindi hayakuwa yameota. Mbegu zilikwenda na udongo wake. Siwalaumu vijana. Walilipwa kuzoa tope, wakazoa.

Kwenye miteremko kama ya kwetu maji yaliyokosa njia si jambo dogo. Novemba 2009, katika mvua za vuli, ardhi iliporomoka kule Mamba Miamba, katika wilaya hii hii, na watu zaidi ya 20 wakafa. Sisemi mfereji uliozibwa ndio ulioleta msiba ule. Ninasema mtu anayeishi kwenye mteremko anatakiwa kujua maji yanapita wapi juu ya nyumba yake, na hakuna mahali pengine pa kujifunzia isipokuwa kule kule juu, na jembe mkononi.

Nilipoolewa kijijini hapa sikujua hata tundu la ndiva liko upande gani. Baba mkwe alinikabidhi karai akasema, "Mke wetu, leo utajua majirani zako." Kweli nilijua. Nilijua nani ana shamba la mwisho, ambako maji yanafika jua likiwa limeshapanda. Nilijua nani hupewa zamu ya usiku bila kuitaka. Nilisikia watu wawili waliokuwa hawasalimiani wakibishana kuhusu ukingo, kisha wakasaidiana kubeba jiwe moja, na mchana wakala makande ya sufuria moja. Migogoro ya maji huku kwetu ilikuwa ikiishia pale pale ilipoanzia, watu wakiwa wamesimama kwenye tope, kila mmoja akinyoosha kidole mahali hasa penye tatizo. Tangu watu waanze kutuma fedha, kesi hizo zinaletwa kwenye ofisi ya kijiji, na wanaoziamua wengine hawajaona mfereji kwa miaka.

Yapo maneno ya upande wa pili, na yana uzito. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji na inatutaka tuwe na kibali kutoka Bonde la Pangani, na jumuiya inahitaji fedha. Saruji haichimbwi kwa jembe. Mlango wa chuma wa kufungia tundu, ambao ungetupunguzia kuziba kwa udongo na magome ya migomba kila jioni, ni wa kununua. Ndugu zetu wa mjini watume kwa ajili ya hayo, tena watume zaidi. Ninachokataa ni fedha kusimama mahali pa mtu ambaye yupo, ana nguvu, na kesho atadai zamu yake.

Wengine husema msaragambo ni mambo ya kulazimishana, na nyakati zimepita. Mimi nauliza ni nani aliyelazimishwa zaidi: anayepanda mara moja kabla ya masika pamoja na jirani zake, au yule mjane aliyepanda shamba mara mbili kwa sababu jirani zake walilipia wasiende?

Mkutano mkuu wa kijiji utakaa kabla ya mvua, na nimemwomba mtendaji aingize ajenda. Napendekeza kila kaya yenye zamu ya maji itoe mtu mzima anayelima. Wazee, wagonjwa na waliojifungua wasamehewe kabisa, wala wasidaiwe shilingi. Aliyekuwa safarini atengewe kipande chake, akisafishe akirudi, ndipo arudishiwe zamu. Wanawake wenye mashamba yao waingie kwenye kupanga zamu, siyo kupika makande tu. Tukikubaliana, iandikwe kuwa sheria ndogo, ipelekwe halmashauri ya wilaya kuidhinishwa, ili asiyetaka asiseme ni matakwa ya mweka hazina. Kwa masika haya hatuna muda wa kusubiri idhini hiyo. Pembe ipulizwe Jumamosi ya kwanza ya Machi, tuanzie banioni, tushuke na mfereji hadi shamba la mwisho.